Kisa cha Pangani: kijiji kilichowalaza wageni wa Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1930 manispaa ya Nairobi ilibomoa kijiji cha Pangani. Ukisikiliza sababu zilizotolewa utadhani palikuwa jaa tu: kuta za fito na udongo, mapaa ya madebe yaliyopasuliwa, maji machafu vichochoroni, wapangaji wamebanana. Mengi ya hayo yalikuwa kweli. Lakini kwa karibu miaka 40, Pangani na vijiji vya jirani zake ndivyo vilivyokuwa nyumba ya wageni ya mji huu kwa Mwafrika. Aliyeshuka kwenye gari la moshi bila ndugu wala mwajiri alilala huko, au alikesha akiwakwepa askari.

Habari za malazi ya Nairobi kwa kawaida huanzia Norfolk na Stanley. Si vibaya, hoteli hizo zina historia yake na nitazigusa. Ila ukitaka kujua mji huu ulimpokeaje mgeni, lazima uvuke mto uende Pangani, kwa sababu wageni wengi walikuwa wa upande huo. Nataka nikichambue kisa hiki kama kisa cha ukarimu, nikiacha kando ile simulizi iliyozoeleka ya makazi duni. Na nianze kwa kukataa maelezo mepesi, kwamba watu wa zamani walikuwa wema. Wema wao siwezi kuupima. Ninachoweza kukiangalia ni nyumba ilivyojengwa, ilikuwa ya nani, na sheria iliwafungia watu milango gani mingine.

Mji unaanza

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Hapakuwa na mji, palikuwa na maji baridi ya mto ambao Wamasai waliutia jina, na uwanda wa matope mvua ikinyesha. Pamoja na mafundi wa reli walikuja wapagazi, askari, wapishi, wachuuzi na wanawake waliokuwa wamezoea maisha ya misafara. Serikali iliwapangia Wazungu vilima, ikawaachia Wahindi bazaa. Waafrika wakajenga wenyewe pale walipoachwa: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Hata majina mawili kati ya hayo yanakuonyesha waanzilishi walikotoka, kwani hakuna anayeita kijiji cha bara Mombasa au Pangani kama hajaiona pwani au hajaishi na walioiona.

Mwaka 1902 mama mmoja wa Kizungu, Mayence Bent, alianza kupangisha vyumba ghorofani juu ya duka kwenye Victoria Street, barabara tunayoiita leo Tom Mboya. Huo ndio mwanzo wa hoteli ya Stanley. Moto wa 1905 uliichoma, akahamia Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Baadaye jina la zamani likabaki na jengo la zamani, naye akafungua jengo jipya mwaka 1913 penye kona ya Kimathi na Kenyatta ya leo, akaliita New Stanley. Hoteli hiyo iko palepale hadi sasa. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1904, na miaka mitano baadaye ikampokea Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuja kuwinda.

Nimekitaja kisa cha Bi. Bent kwa makusudi. Alikuwa mwanamke aliyeanza na vyumba vichache, akaunguliwa, akapoteza jengo na jina, na bado akainuka mara ya tatu. Upande wa pili wa mto, wanawake wa Kiafrika walikuwa wakifanya kazi ileile ya kulaza wageni, kwa bidii ileile. Walipobomolewa hawakuinuka. Tutaona ni kwa nini, na jibu halihusiani na nani alijua kutandika kitanda.

Ni nani angemfungulia mlango?

Chukulia kijana aliyeteremka stesheni ya Nairobi mwaka 1928, tuseme ametoka Machakos, au Nyanza, au ng'ambo ya mpaka Tanganyika. Shingoni ana kipande, karatasi yake ya usajili ndani ya kikebe cha chuma, kama sheria ilivyomlazimisha kila mwanamume Mwafrika tangu kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jua linazama. Afanye nini?

Hoteli za mjini zimefungwa kwake, labda aingie kwa mlango wa nyuma akiwa boi wa jikoni. Ubaguzi wa rangi hotelini haukuwa siri wala haukuhitaji kibao, na uliendelea hadi miaka ya 1950. Hata klabu ya kwanza ambapo watu wa rangi zote wangeweza kula meza moja, United Kenya Club, haikuanzishwa hadi 1946. Na kama kijana huyu amewahi kusikia habari za Norfolk, basi amesikia ya tarehe 16 Machi 1922. Siku hiyo umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwapigia wanaume kelele za kuwaaibisha wasirudi nyuma. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa wameketi kwenye kibaraza cha Norfolk, ng'ambo ya barabara, wakafyatua zao pia. Waliouawa walikuwa zaidi ya 20, Nyanjiru akiwamo. Sijui kama kuna kibaraza kingine cha hoteli Afrika Mashariki chenye historia kama hiyo. Vipeperushi vya watalii humtaja Roosevelt.

Kulala nje nako hakuwezekani. Kulikuwa na sheria ya uzururaji, kulikuwa na amri za kumzuia Mwafrika kutembea usiku bila kibali. Kwa mwajiri je? Sheria ilimtaka mwajiri amlaze mfanyakazi wake, lakini kijana huyu bado hajaajiriwa, na wengi walioajiriwa walipewa banda au hawakupewa chochote.

Basi atavuka bazaa, apite River Road, avuke mto, apande Ngara. Safari ya miguu ya yapata kilomita 3. Akifika Pangani ataulizia mtu wa kwao. Asipompata, ataulizia chumba.

Nyumba yenyewe

Nyumba hizo zilikuwa za Kiswahili, na ramani yake anaijua mtu yeyote aliyekulia Majengo, Kisauni au Kariakoo ya Dar es Salaam. Mbele kuna kibaraza. Ukipita mlango unaingia kwenye ukumbi mrefu wa katikati unaokwenda moja kwa moja hadi uani. Kulia na kushoto kuna vyumba, mara nyingi vitatu kila upande, milango yake ikifunguka ukumbini. Uani kuna jiko, choo, mahali pa kuogea na kamba ya kuanikia nguo.

Angalia ramani hiyo inafanya nini. Mgeni hawezi kuingia wala kutoka bila kupita mbele ya milango ya wenzake. Anachemshiwa maji kwenye jiko la wote. Saa ya chai anaonekana kama yupo au hayupo, kama ana homa, kama hajala tangu jana. Mwenye nyumba akikaa kibarazani jioni anajua nani ameingia na nani bado. Unaweza kuita hilo ujirani, unaweza kuita upekuzi. Ilikuwa yote mawili, na mtu aliyetaka faragha kamili hakuipata. Lakini kwa mgeni asiyejulikana mjini, kuonekana ndiko kulikomlinda. Akikamatwa, mtu angeuliza. Akiugua, mtu angejua. Naye mwenye nyumba alilindwa vilevile, kwa kuwa mpangaji mwenye nia mbaya hakuwa na kona ya kujificha.

Kibaraza nacho kilikuwa na kazi yake. Pale ndipo mpita njia alipoketi kabla ya kuulizwa anataka nini. Mgeni ambaye hajakubaliwa bado alikuwa na mahali pa kukaa bila kuwa ndani wala nje, akipimwa taratibu kwa maneno ya kawaida: wa wapi, umekuja na nani, unamjua fulani? Hoteli ya Kizungu ilikuwa na kaunta kwa kazi hiyo. Nadhani kibaraza kiliifanya vizuri zaidi, kwa kuwa hakikumlazimisha mgeni ajibu akiwa amesimama na mzigo.

Wenye nyumba

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Kati ya wenye nyumba wa Pangani na Pumwani, mtaa mwingine wa Waafrika, katika miaka ya 1930, takriban wanne katika kila kumi walikuwa wanawake. Katika mji ambao Waafrika wengi walikuwa wanaume vijana wasio na wake zao, idadi hiyo inashangaza. Wanawake hao walitoka kila mahali: Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, Wamasai, na wengine kutoka mbali zaidi. Wengi waliingia Uislamu wakiwa hapa mjini, wakachukua majina mapya na udugu mpya, wakaingia kwenye vyama vya ngoma vilivyowapa hadhi na watu wa kuwazika.

Huko walikotoka, mara nyingi mwanamke hakurithi shamba wala hakumiliki ardhi kwa jina lake. Pangani angeweza kuwa na nyumba. Angeijenga kwa fedha zake, angepangisha vyumba vitano, angebaki na kimoja, na angeamua mwenyewe nani ataichukua akifa, awe binti wa kumlea, awe mwenzake waliyeapishana undugu.

Fedha za kujengea zilitoka wapi? Tusifunike macho. Kwa baadhi yao zilitoka kwenye pombe waliyopika, kwa wengine kwenye biashara ndogo, na kwa wengi zilitoka kwa wanaume. Watafiti waliozungumza na akina mama wazee wa Pumwani katika miaka ya 1970 waliambiwa waziwazi: mwanamume alikuja chumbani, akapewa maji ya moto ya kuoga, chai, chakula, kitanda kisafi, mazungumzo, na akalipia. Wapo wanaoona aibu kuliandika hilo. Mimi naona ni upungufu kuliacha, kwa kuwa ukilisoma orodha hiyo tena utaona ni huduma zilezile ambazo nyumba ya wageni yoyote huziuza, na moja zaidi. Mfanyakazi wa reli aliyelala kwenye banda la mwajiri hakuwa na maji ya moto. Alikuja Pangani kuyatafuta pamoja na mengine.

Na akina mama hao hawakuwa watu wa huruma isiyo na hesabu. Kodi ililipwa. Waswahili walishasema mgeni mpe siku mbili, ya tatu umpe jembe, na kwenye nyumba ya kupangisha jembe lilikuwa kutafuta kibarua ulipie chumba. Asiyelipa aliondoka. Waliwachagua wapangaji pia. Wengine walipendelea watu wa kabila lao, wengine Waislamu wenzao, wengine wanaume waliokwisha kupata kazi ya kudumu. Ukarimu wa Pangani ulikuwa na mipaka, na aliyekosa wa kumtambulisha angeweza kuzunguka milango kadhaa kabla ya kupata kitanda. Hata hivyo alipata mtu wa kuzungumza naye kuhusu hali yake. Mwenye nyumba alikuwa pale, chumba cha kwanza kulia au kushoto, na alikuwa na mamlaka ya kusema ndiyo, la, au lipa Jumamosi.

Hayo mamlaka ya kusema "lipa Jumamosi" nayaona kuwa kiini cha kisa chote. Karani hawezi kuyasema. Wakala wa kukusanya kodi hawezi kuyasema. Anaweza kuyasema mwenye mali tu, na anaweza kuyasema kwa busara ikiwa tu anamwona mpangaji kila siku.

Ushahidi wa Kariokor

Mtu angeweza kunipinga hivi: labda watu walikaa Pangani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, na ukarimu ni pambo ninaloongeza mimi. Ni pingamizi la haki, na ubaguzi nilioueleza juu unalipa nguvu.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa yenyewe iliweka mahali pengine. Ilijenga mabweni ya wanaume Kariokor, pale palipokuwa na kambi ya wapagazi wa vita, wale walioitwa Kariakoo, ambao maelfu kwa maelfu yao hawakurudi kutoka Tanganyika. Majengo yalikuwa imara kuliko fito na udongo. Yalikuwa karibu na mji. Hayakupendwa. Wanaume waliendelea kubanana Pangani na Pumwani, wakilipa kodi kwa mama mwenye nyumba, wakati mabweni yalikuwa karibu yao kabisa.

Bwenini kulikuwa na kitanda na msimamizi. Usingeweza kumlaza ndugu aliyefika jana kutoka nyumbani. Mke akija kukutembelea hakuwa na mahali. Kupika na kuketi vilikuwa kwa kanuni. Watawala walimhesabu mfanyakazi mmoja kuwa kitanda kimoja, na hawakuelewa kwamba mtu aliye mjini ni pia mwenyeji wa wengine watakaomfuata. Chumba cha Pangani kilimruhusu mpangaji naye awe mwenyeji. Kijana wetu wa 1928 akishapata kazi, mwaka unaofuata yeye ndiye atakayempokea mdogo wake, amlaze kwenye mkeka, amwonyeshe njia ya kwenda kuandikishwa kazi. Kwa njia hiyo kijiji kililaza watu wengi kuliko vitanda vyake, na hilohilo ndilo manispaa iliuita msongamano.

Kubomolewa

Tangu 1913 mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, alikuwa ameshauri mji ugawanywe kwa rangi. Mapema miaka ya 1920 manispaa ilipima viwanja Pumwani, ikaifanya lokesheni rasmi ya Waafrika, na vijiji vya Mombasa, Maskini na Kaburini vikaondolewa. Watu wa Pumwani waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe, za ramani ileile ya ukumbi na ua, juu ya ardhi isiyo yao. Pangani ilisalia, ikahukumiwa kila mwaka na kuahirishwa kila mwaka, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuwapeleka watu.

Mahali hapo palipatikana Shauri Moyo. Manispaa ilijenga nyumba zake, za kudumu, ikawahamishia watu wa Pangani huko kufikia 1939. Eneo lao la zamani likawa mtaa wa Wahindi, na nyumba za mawe zilizojengwa hapo baadaye bado ziko, katikati ya maduka na kelele za magari ya Thika Road.

Watetezi wa hatua hiyo wana hoja. Shauri Moyo kulikuwa na kuta imara, maji na vyoo vya maana. Siwezi kumtamania mtu yeyote kuta za udongo wakati wa masika, na wanaozililia nyumba hizo mara nyingi hawakuwahi kuzikandika wenyewe. Tatizo lilikuwa umiliki. Pangani nyumba ilikuwa mali ya mtu, hata kama ardhi haikuwa yake. Shauri Moyo mwenye nyumba alikuwa manispaa, naye aliyekuwa mwenye nyumba Pangani sasa alikuwa mpangaji wa serikali, akiishi kwa idhini, bila nyumba ya kumwachia yule binti aliyemlea. Umama wa nyumba ukaisha. Waliojenga mitaa iliyofuata, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, walishika mwenendo huohuo wa nyumba za umma zenye wasimamizi na orodha, na mitaa mingine ikapangishwa kwa kitanda, si kwa chumba.

Sasa mrudie Bi. Bent. Jengo lake lilipoteketea na baadaye jina lake lilipomponyoka, alikuwa mtu wa rangi iliyoruhusiwa kupata kiwanja katikati ya mji, penye hati, penye thamani iliyokua. Mwenye nyumba wa Pangani alijenga juu ya ardhi ambayo sheria haikukusudia kamwe kumpa. Kwa hiyo wakati hoteli moja ilihama mara mbili ikaja kutimiza zaidi ya karne moja, nyumba mamia zilizolaza watu wengi zaidi hazikuacha hata jina la nyumba moja. Walitofautiana kwa hati ya kiwanja.

Ilichobakiza

Pumwani haikubomolewa yote. Sehemu yake iitwayo Majengo iliendelea kupokea wageni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikaendelea baada ya vita mji ulipofura. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza lilipoizingira Nairobi katika operesheni ya Anvil, ya kuwasaka Mau Mau, na kuwakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, mji wa vyumba vya kupangisha ukageuka mtego: mgeni aliyefichika kwa kujulikana na majirani alianikwa na haohao majirani, wengine wakiwa wamefunikwa magunia usoni. Ramani iliyomlinda mtu wa 1928 haikumlinda yule wa 1954. Sitaki kulipuuza hilo. Nyumba ambayo kila mtu anamwona mwenzake inategemea sana nani ameshika bunduki mlangoni.

Baada ya uhuru ubaguzi wa hotelini ulikwisha kisheria na bei ikachukua nafasi yake. Mgeni wa kawaida wa Nairobi hivi leo, yule anayeshuka basi la usiku Nyamakima au River Road, ana lojing za kumtosha. Analipa mapema, anapewa ufunguo wenye kipande kikubwa cha mbao ili asiusahau mfukoni, na sabuni ndogo. Hatoi maelezo kwa mtu na hapewi maelezo na mtu. Kwa usiku mmoja hilo linatosha kabisa, na wengi wetu tungelipendelea kuliko kuhojiwa kibarazani. Lakini kwa mtu aliyekuja kuanza maisha, ambaye ana fedha za siku nne na anahitaji wiki tatu, lojing haina la kumwambia. Yeye bado anategemea binamu mwenye chumba kimoja Kayole au Mathare, godoro likiviringishwa asubuhi.

Serikali sasa inajenga tena maeneo yaleyale. Mradi wa Park Road, Ngara, hatua chache kutoka ilipokuwa Pangani, una nyumba 1,370, nazo Shauri Moyo na Starehe ziliingizwa kwenye orodha ya maeneo ya nyumba za bei nafuu. Kuna tofauti moja kubwa na 1939 ambayo lazima niisifu: safari hii mkazi anaweza kununua, akawa mwenye nyumba wa kweli na kumrithisha amtakaye. Nusu ya kile kilichopotea Pangani inarudi. Nusu nyingine hairudi, kwa kuwa gorofa za sasa zimechorwa kwa familia moja iliyofunga mlango, na mwenye nyumba akitaka kupangisha atapangisha yote, ahamie kwingine, na kodi aipokee kwa M-Pesa bila kumjua anayelala ndani.

Majengo kwenyewe unaweza kuziona hali zote mbili kwenye mtaa mmoja. Zipo nyumba za ukumbi wa katikati ambazo mrithi wake bado anakaa chumba cha mbele, na zipo ambazo warithi wameshahama na wanakuja mwisho wa mwezi tu, au wanamtuma mtu. Ukumbi ni uleule, ua ni uleule, vyumba vina upana uleule. Kwenye nyumba ya aina ya kwanza, taa ya ukumbini ikiungua hununuliwa jioni hiyohiyo, na mpangaji aliyepoteza kibarua huenda kuomba muda akiwa na matumaini fulani. Kwenye ile ya pili wapangaji hubishana ni zamu ya nani kununua taa, na ombi la kupewa muda halina mtu wa kulisikiliza. Wachoraji wa miradi mipya wanaotafuta cha kujifunza Nairobi wangeweza kuanza kwa kuhesabu ni nyumba ngapi za Majengo bado zina mwenyewe ndani, na kuuliza ni chumba gani kwenye michoro yao mwenye nyumba anaweza kumpangisha mgeni bila yeye kuhama.